Watoto 36 kati ya wangapi?

Mazungumzo ya juma hili yanahusu rejesta. Najua rejesta si kitu cha kumsisimua mtu aliyekaa na chai yake na gazeti, lakini hii ninayoisema ni ile wanamoandikwa watoto wanaotibiwa utapiamlo mkali, na mahali penyewe ni Njombe na Makambako. Ni huko huko ambako sisi wa mjini tunapata viazi mviringo, parachichi, mbao na majani ya chai. Mtu atauliza: njaa inatoka wapi katika mkoa wa namna hiyo?

Swali ni halali. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika mkoa wa Njombe asilimia 50.4 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30. Iringa, mkoa uliouzaa Njombe mwaka 2012, ndio pekee uliouzidi. Kwa hiyo ghala lililojaa halimaanishi mtoto aliyeshiba. Mama anaondoka alfajiri kwenda shambani au kwenye chai, mtoto anabaki na dada yake wa miaka minane, na uji unapikwa mara moja kwa siku. Gunia la viazi limekwishapakiwa kwenye lori. Ukifika msimu wa ulanzi, nyumba nyingine ndiyo hazina mtu mzima wa kutegemewa mpaka giza liingie.

Lakini udumavu na utapiamlo mkali si kitu kimoja, na hapa ndipo wengi tunapochanganya. Udumavu huja polepole, miaka miwili au zaidi, na mtoto aliyedumaa anaweza kuonekana mzima kabisa, tena mnene. Utapiamlo mkali huja katika majuma machache. Mtoto anakonda mpaka mbavu zinahesabika, au anavimba miguu yote miwili, hali tuliyozoea kuiita unyafuzi. Mtoto wa namna hii yuko katika hatari ya kufa mara tisa hadi kumi na mbili kuliko mwenzake mwenye lishe nzuri. Nchini kote waliokonda ni takriban watatu katika kila mia, na waliokonda vibaya ni sehemu tu ya hao. Uchache wao ndio unaowafanya wasahaulike, na uchache huo huo ndio unaoyafanya mahesabu yao yawe magumu, kama tutakavyoona.

Kumtambua si kazi ya daktari peke yake. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, mhudumu wa afya wa kijijini hufunga utepe katikati ya sehemu ya juu ya mkono wa kushoto. Ukisoma chini ya sentimeta 11.5, huo ni utapiamlo mkali. Njia ya pili ni kulinganisha uzito na urefu wake. Ya tatu ni kubonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba: shimo likibaki, mtoto amevimba. Na ieleweke kuwa njia hizi hazikamati watoto wale wale. Mahali penye watoto wengi wafupi kama Njombe, kuna atakayekamatwa na utepe huku mizani ikisema yuko sawa. Anayetumia njia moja tu atapata idadi moja, jirani yake atapata nyingine, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Matibabu nayo yamebadilika sana. Zamani kila mtoto alilazwa. Mwaka 1996 Mfaransa André Briend, daktari wa watoto, alishirikiana na Michel Lescanne kutengeneza kile tunachokiita chakula dawa: karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, ndani ya pakiti ya gramu 92 yenye kilokalori 500. Hakihitaji maji wala kupikwa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na wenzake wakakubali kwamba mtoto mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine mkubwa atibiwe nyumbani, mama akirudi zahanati kila juma. Anayelazwa ni yule aliyezidiwa. Huyo huanza na maziwa dawa hafifu, kilokalori 75 katika mililita 100, kwa sababu mwili uliosinyaa ukijazwa chakula kizito siku ya kwanza unaweza kushindwa na moyo ukasimama. Baadaye ndipo hupandishwa.

Sasa turudi kwenye rejesta. Mwishoni mwa matibabu kila mtoto huandikwa neno moja: amepona, amefariki, ameacha matibabu, hakupona, au amehamishwa. Viwango vinavyotumika duniani vinasema waliopona wazidi asilimia 75, waliofariki wasifike 10, walioacha wasifike 15. Tuchukue mfano wa kubuni, maana sitaki zahanati ya mtu yeyote idhani nimeisema. Zahanati imetibu watoto 40, na 36 wamepona. Hiyo ni asilimia 90. Mganga Mkuu wa Wilaya anafurahi, taarifa inapanda mkoani, na mimi na wewe tunaisoma gazetini.

Lakini je, ni 36 kati ya wangapi? Tuseme eneo hilo lina watoto 20,000 walio chini ya miaka mitano, na uchunguzi umeonyesha kuwa nusu ya asilimia moja wana utapiamlo mkali. Hao ni watoto 100 siku ile ya kupima. Ila mwaka una siku nyingi, na wengine wataugua Februari wakati kipimo kilikuwa Oktoba. Wataalamu kwa desturi huzidisha kwa 2.6 ili kupata wa mwaka mzima, na hapo tunapata 260. Waliofika zahanati ni 40. Waliopona, kati ya wote waliohitaji kupona, ni asilimia 14. Rejesta haikusema uongo wowote. Iliulizwa habari za waliofika, ikajibu habari za waliofika.

Kuna mitego mingine, na mingi yake niliionyeshwa na muuguzi mmoja mwenye subira, tukiwa tumeinamia ukurasa uliochakaa kwenye pembe. Zahanati isiyo na kifo hata kimoja mwaka mzima si lazima iwe bora kuliko hospitali yenye vifo vitano. Huenda kila aliyezidiwa alipelekwa hospitali, na kufa akafia huko. Hospitali kama Kibena pale Njombe, au Ilembula upande wa Makambako, hupokea walioshindikana kwingine. Kuzilinganisha na zahanati ni kumlinganisha fundi anayetengeneza magari yaliyopinduka na yule anayebadilisha matairi. Afadhali kuuliza mtoto alifariki siku ya ngapi. Akifa ndani ya saa 48, aghalabu alichelewa kufika. Akifa siku ya kumi, tutazame wodi yenyewe.

Halafu kuna uzito. Mtoto aliyevimba akianza kutibiwa vizuri hupungua uzito, kwa kuwa maji yanatoka. Mchambuzi asiyejua hilo atasema amezidi kudhoofu. Ongezeko lake huhesabiwa kuanzia uzito wa chini kabisa baada ya uvimbe kwisha. Na ukiona ukurasa ambao kila uzito unaishia na sifuri au nusu kilo, basi mizani imesomwa kwa haraka. Ukiona mikono mingi ya sentimeta 11.4 na hakuna wa 11.6, hapo moyo wa huruma wa mpimaji umesaidia utepe. Simlaumu, ila takwimu lazima zijue.

Uchache niliousema ndio unaokuja kuvuruga asilimia. Zahanati yenye watoto wanane kwa mwaka, mmoja akifa, imefikisha asilimia 12.5 na imevuka kiwango. Mwaka ujao asife mtu, ni sifuri. Hakuna kilichobadilika pale isipokuwa bahati. Vituo vya namna hii huhesabiwa pamoja, na kwa miaka kadhaa. Wala Januari isilinganishwe na Julai, maana Njombe ina msimu mmoja wa mvua, na akiba hupungua kabla ya mavuno. Aidha, watoto wenye virusi vya UKIMWI watazamwe peke yao, kwa kuwa hupona taratibu na hufa zaidi. Utafiti wa mwaka 2022 na 2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, wakati taifa lilikuwa na 4.4. Ukiwachanganya, Njombe itaonekana ina wauguzi wabaya.

Ila neno linaloniudhi kuliko yote ni hilo la "ameacha matibabu". Katika taarifa huonekana kosa la mama. Chukua Makambako. Ni njia panda: barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya inakutana pale na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita. Mama lishe wa stendi, kibarua wa ghalani, mke wa dereva, hao ni watu wa kuhama. Mtoto aliyekosekana juma la tatu huenda yuko Songea akiendelea kutibiwa, au amezikwa na hakuna aliyeuliza. Na huenda mama alifika, akaambiwa chakula dawa kimekwisha, akafika tena, akaambiwa vivyo hivyo. Safari ya tatu nani angekwenda? Mtoto mmoja huhitaji karibu katoni nzima ya pakiti 150, na katoni huuzwa kama dola 40 hadi 50. Serikali iliagiza halmashauri zitenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe yote. Marekani, iliyokuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chakula hicho duniani, ilifunga shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025. Kwa hiyo leja ya stoo inastahili kusomwa kando ya rejesta ya wagonjwa, tarehe kwa tarehe.

Wazee wa huko watakumbuka kwamba jambo hili si geni. Mwaka 1983, Njombe ikiwa bado wilaya ya Iringa, ulianza mpango wa lishe wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Kila miezi mitatu watoto walipimwa hapo kijijini, na matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe: nani ameshuka, kwa nini, tufanye nini. Kufikia mwaka 1988 watoto wenye uzito pungufu sana walishuka kutoka takriban asilimia 6 hadi chini ya 2. Wakati ule hesabu ilipigwa kwa kalamu, na waliokuwa wa kwanza kuisoma ndio waliomjua mtoto kwa jina na nyumba yao kwa mlango. Siku hizi tarakimu hupanda kwenye kompyuta hadi Dodoma kwa dakika, jambo jema, lakini kijiji kilichozitoa mara nyingi hakizioni tena. Afisa lishe wa halmashauri ana rejesta, ana leja ya stoo, na ana wahudumu wenye tepe vijijini. Akiviweka vitatu hivyo mezani siku moja kila mwezi, mbele ya wenyeviti wa mitaa na vijiji, atajua katika asubuhi moja ni watoto gani wa kufuatwa kwa pikipiki kabla ya jua kuzama.