Uaminifu Kazini Hujengwa na Pande Mbili

Ni dhahiri kwamba uaminifu wa mfanyakazi haununuliwi kwa mshahara peke yake. Katika maduka na mikahawa ya Kabeza, mjini Kigali, mhudumu huwajua wateja kwa majina. Akiondoka, huondoka na ujuzi huo. Mwezi Januari 2025, mchango wa pensheni nchini Rwanda ulipanda kutoka asilimia 6 hadi 12 ya mshahara, nusu ikilipwa na mwajiri na nusu ikikatwa kwa mfanyakazi. Mwajiri akatae fungu hilo asiliwasilishe humnyang'anya mtumishi wake akiba ya uzeeni. Lakini alipaye kwa wakati, akaheshimu likizo na kusikiliza malalamiko kabla ya kuadhibu, hana haja ya kumbembeleza mtu abaki. Ahadi ni deni.