Seva imebadilishwa ofisini: Je, faili lako limepotea kweli?

Msikilizaji wetu, huenda hili limewahi kukukuta. Umepanda bodaboda asubuhi, umefika ofisini, umekaa kwenye foleni, na zamu yako ilipofika karani anakwambia: "Mama, leo mafaili hayaonekani, jana wamebadilisha seva. Rudi wiki ijayo, au lete nakala upya." Nauli imekwenda, siku imekwenda, na nakala zenyewe ulishaziacha pale pale ofisini mara ya kwanza.

Je, seva ikibadilishwa mafaili hupotea? Jibu fupi ni kwamba mara nyingi hayapotei. Yapo, lakini kompyuta ya karani inayatafuta mahali pa zamani. Hata hivyo, yanaweza kupotea kweli baadaye kama watu hawatajua la kufanya siku ile ya kwanza. Ndiyo maana makala haya yanamhusu karani, fundi, na wewe uliyesimama dirishani.

Seva na profaili ni nini?

Seva ni kompyuta kubwa inayotumiwa na kompyuta nyingine nyingi kwa pamoja kupitia mtandao wa ofisi. Ni kama ghala moja la chama cha msingi: kila mkulima ana magunia yake, lakini yote yamo chini ya paa moja.

Profaili ni fungu la vitu vya mfanyakazi mmoja kwenye kompyuta: barua alizoandika, orodha alizotengeneza, mpangilio wa skrini yake, printa anayotumia. Katika ofisi nyingi zenye mtandao wa Windows, profaili inawekwa kwenye seva ili karani akihamia meza nyingine, vitu vyake vimfuate. Akiingiza jina na neno la siri asubuhi, kompyuta inasoma akaunti yake, inaona mahali profaili ilipo, inaileta. Akitoka jioni, kompyuta inarudisha mabadiliko ya siku hiyo kwenye seva.

Mahali hapo pameandikwa ndani ya akaunti kama anwani. Kwa mfano, \\SEVA1\Profaili\karani2. Hiyo ndiyo inayoitwa njia ya profaili. Sehemu ya kwanza ni jina la seva, ya pili ni folda ya wote, ya tatu ni folda ya mfanyakazi mwenyewe. Ofisi ikinunua seva mpya yenye jina SEVA2, anwani hiyo lazima ibadilishwe kwa kila mfanyakazi.

Mfano wa kontena la Kwala

Sisi wa huku tuna mfano mzuri. Bandari Kavu ya Kwala ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Julai 2025, ili makontena yanayoshushwa Bandari ya Dar es Salaam yaweze kuletwa huku kwa treni na kuchukuliwa na malori hapa hapa, bila malori hayo kuingia kwenye msongamano wa jiji.

Sasa fikiria dereva wa lori amekuja kuchukua kontena. Mambo matatu yanaweza kumkwamisha.

La kwanza, kontena limeshafika Kwala, lakini karatasi zake bado zinasema liko Dar es Salaam. Dereva ataenda Dar, atazunguka, hataliona, na atasema mzigo umepotea. Mzigo upo. Karatasi ndiyo ya zamani.

La pili, karatasi imeshabadilishwa na kuandikwa Kwala, lakini kontena bado halijapakiwa kwenye treni. Dereva anafika Kwala, anakuta nafasi tupu.

La tatu, kontena liko Kwala na karatasi inasema Kwala, lakini kibali hakina jina la dereva huyu. Getini anazuiwa. Mzigo anauona kwa macho, ila haruhusiwi kuugusa.

Seva ikibadilishwa, makosa ni hayo hayo matatu. Ama njia haikubadilishwa, ama mafaili hayakunakiliwa kabla ya njia kubadilishwa, ama mafaili yalinakiliwa bila umiliki na ruhusa za mwenyewe. Hili la tatu huwasumbua sana mafundi, kwa sababu Windows hukagua kama mtumiaji ndiye mmiliki wa folda ya profaili. Ikiona mmiliki ni mtu mwingine, inakataa kuipokea, hata kama kila faili limo ndani.

Kwa nini ofisi hubadilisha seva?

Wengine hudhani ni anasa. Sababu kubwa ni umri. Kampuni ya Microsoft huacha kutoa marekebisho ya usalama kwa programu zake baada ya muda fulani. Windows 7 ilifikia mwisho huo tarehe 14 Januari 2020, seva za Windows Server 2012 tarehe 10 Oktoba 2023, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine inaendelea kuwaka, lakini mlango wake haukarabatiwi tena, na wezi wa mtandaoni wanajua hivyo.

Hapa kuna mtego mwingine ambao vijana wetu wanaosomea kompyuta waufahamu. Windows 7 huweka alama ya .V2 mwishoni mwa jina la folda ya profaili kwenye seva. Windows 10 ya sasa na Windows 11 huweka .V6. Maana yake, karani aliyehamishwa kutoka Windows 7 kwenda Windows 11 anaweza kuanza na profaili tupu ingawa seva haikuguswa kabisa. Folda yake ya zamani ipo, iko jirani tu na ile mpya. Na fundi asiandike alama hiyo kwenye njia. Windows huiongeza yenyewe.

Kazi ya fundi, hatua kwa hatua

Kazi hii ikifanywa kwa utaratibu, mwananchi hatajua hata kama seva imebadilishwa. Utaratibu wenyewe ni huu.

Kwanza, wafanyakazi wote watoke kwenye kompyuta zao. Kufunga skrini peke yake hakutoshi, kwa sababu mtu akiwa bado yumo ndani, baadhi ya mafaili yake yanatumika na mabadiliko ya siku hiyo hayajafika kwenye seva.

Pili, ichukuliwe nakala ya akiba ya seva ya zamani, iwekwe mahali tofauti, na ifunguliwe kuhakikisha inasomeka.

Tatu, mafaili yanakiliwe kwenda seva mpya pamoja na umiliki na ruhusa zake. Ndani ya Windows kuna programu iitwayo Robocopy inayoweza kufanya hivyo ikiagizwa. Kunakili kwa kuburuta na kuachia kwa mausi huacha ruhusa nyuma.

Nne, njia ibadilishwe kwenye akaunti. Fundi anafungua Active Directory Users and Computers, anachagua wafanyakazi wengi kwa pamoja, anaingia Properties, kisha Profile, anaweka tiki penye Profile path na kuandika \\SEVA2\Profaili\%username%. Neno hilo la mwisho analiandika mara moja tu, na mfumo unaweka jina la kila mfanyakazi mahali pake. Wakiwa mamia, kazi hiyo hiyo inafanywa kwa amri ya Set-ADUser kwenye PowerShell.

Tano, ajaribiwe mfanyakazi mmoja kwanza. Aingie, aone mafaili yake, aandike kitu, atoke, aingie tena kwenye kompyuta nyingine. Akikikuta alichoandika, wengine wafuate.

Sita, seva ya zamani isifutwe haraka. Ikae kwa muda, isomeke tu bila kuandikwa, hadi kila mfanyakazi athibitishe kwamba vitu vyake vimefika.

Fundi akumbuke pia kwamba katika ofisi nyingine folda ya nyaraka huelekezwa kwenye seva kwa njia yake yenyewe, mbali na ile ya profaili. Akibadilisha moja na kuisahau nyingine, karani ataona skrini yake ya kawaida lakini nyaraka hazipo.

Kwa ofisi inayotaka kuepuka kazi hii siku za mbele, upo mpango uitwao DFS ambao huipa folda jina la kudumu lisilotaja seva. Seva ikibadilishwa, fundi anabadilisha mahali pamoja tu, na akaunti za watu hazibadilishwi.

Siku ya hatari kuliko zote

Sasa nisikilize vizuri wewe unayefanya kazi ofisini. Kompyuta ikishindwa kufungua profaili yako, Windows inaweza kukuingiza kwa profaili ya muda. Utaona ujumbe wa Kiingereza wenye maneno "temporary profile". Skrini ni mpya, picha uliyoiweka haipo, mafaili hayapo.

Watu wengi hapa huendelea na kazi. Wanaandikisha wananchi, wanajaza orodha, wanahifadhi palepale kwenye skrini. Jioni wanatoka, na kila walichohifadhi ndani ya profaili hiyo kinafutwa. Siku nzima ya kazi imekwenda, pamoja na majina ya watu waliotoka mbali. Haya ndiyo mafaili yanayopotea kweli: yale ya jana yako salama kwenye seva, ya leo ndiyo yamefutika.

Kwa hiyo ukiona maneno hayo, simama. Usihifadhi kitu hapo. Mwite fundi. Kama kazi haiwezi kusubiri, tumia daftari la karatasi, au hifadhi kwenye flashi ya ofisi kama inaruhusiwa. Kama umeshahifadhi kitu kwenye profaili hiyo, kitoe kwanza uweke mahali pengine kabla ya kutoka.

Si kila taarifa hukaa kwenye seva ya ofisi

Kuna jambo ambalo wewe mwananchi litakusaidia dirishani. Kilichomo kwenye profaili ya karani ni kazi za mikono yake: barua, orodha za vikundi, hesabu alizopanga mwenyewe. Namba yako ya kitambulisho cha taifa haimo humo, inatunzwa na NIDA. Pesa zako za simu hazimo humo pia.

Tena pesa za simu ni mfano wa kila siku wa jambo hili hili. Simu ikiibiwa, unakwenda na kitambulisho chako kurudisha laini, na salio unalikuta. Pesa hazikuwa ndani ya simu wala ndani ya laini. Zilikuwa kwenye kompyuta za kampuni ya simu, na namba yako ni njia ya kuzifikia. Lakini majina uliyoyahifadhi kwenye simu iliyoibiwa, bila kuyaweka pengine, yamekwenda nayo. Ukitaka yakufuate, yahifadhi kwenye akaunti yako ya Google kama unatumia simu janja, au kwa simu ya kitochi yanakili kwenye daftari pia.

Uliza nini ukiambiwa faili halionekani?

Kwa adabu kabisa, unaweza kusema: "Samahani dada, faili limefutika, au kompyuta hailioni?" Swali hili dogo linatenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi husemwa kama jambo moja. Kisha uliza kama seva ya zamani bado ipo, na kama fundi ameshaambiwa kuhusu faili lako. Omba jina lako liandikwe pamoja na namba ya simu, upigiwe likionekana, ili usipoteze nauli ya pili. Na kila unapowasilisha karatasi mahali popote, baki na nakala yako au ipige picha kwa simu.

Sheria nayo iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu kuzilinda zisipotee wala kuharibiwa. Inakupa haki ya kujua taarifa zako wanazozishikilia na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Ukiona hukutendewa haki, malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwala inabadilika. Treni, bandari kavu na viwanda vinaleta ofisi, na ofisi zinakuja na kompyuta zake. Kutakuwa na seva nyingi za kuhamishwa katika miaka ijayo, na vijana wetu watakaoijua kazi hii vizuri hawatakosa wa kuwaita. Sisi wengine inatutosha kukumbuka lile kontena: kabla ya kukubali kwamba mzigo umepotea, uliza kwanza karatasi inasema uko wapi.