Mlango wa Bahari ya Rum: Safari ya Jinja na Mbale (Sehemu ya Pili)

Makala iliyotangulia ilimhusu yule anayetamani likizo kando ya Bahari ya Mediteranea, ambayo wanajiografia wa Kiarabu waliiita Bahari ya Rum, ili asubuhi aoge ufuoni na jioni azuru magofu ya kale. Leo nataka kumwambia, kabla hajafungua mkoba wake, kwamba mto Naili, uingiao bahari hiyo, una mlango wake wa kutokea hapa kwetu Jinja, na kwamba ufuo na athari za kale, yote mawili, atayapata kwa safari ya siku nne au tano.

Herodotus, Myunani, alipozuru Misri katika karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, aliuliza chimbuko la Naili asipate jibu la kumridhisha, ilhali mto wenyewe ukitoka hapa katika ziwa Victoria, ambapo Wasoga huuita Kiyira. Na Speke, mpelelezi Mwingereza, alipowasili tarehe 28 Julai 1862 aliyapa maporomoko jina la Ripon, kana kwamba hayakuwa na wenyewe. Maporomoko hayo mgeni asiyatafute, kwa kuwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, liliyazamisha; atakachokiona kutoka mashuani ni maji yanayojipindua taratibu, na ukingoni ukumbusho wa Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilitiwa mtoni humo mwaka 1948. Husemwa kwamba maji hayo huchukua miezi mitatu kufika Mediteranea. Ni hadithi tamu, lakini karibu nusu yake hunyweka na jua katika vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini, na yanayosalia huzuiwa Aswan, hata sijui ni tone gani litakalojaliwa kuiona Rashidi, mto unapoingia baharini huko Misri.

Kuhusu kuoga, sina budi kusema wazi: ufuo wa ziwa si ufuo wa bahari. Penye maji matulivu na majani hukaa konokono wachukuao kichocho, basi heri kidimbwi cha hoteli; na aliyekwisha kulowa akapimwe baada ya miezi miwili au mitatu, hata kama hajisikii vibaya.

Kutoka Jinja apite Iganga, ashike njia ya Tirinyi mpaka Mbale, chini ya genge la Wanale. Hapo ndipo Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kisha akavunjika moyo nao, alipoifuata dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Wafuasi wake, Abayudaya, wangali wakisali Nabugoye, si mbali na Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoanzishwa mwaka 1988, na mimi sijui mji mwingine mdogo kiasi hicho uliokusanya mirathi ya pande za Bahari ya Rum, Uyahudi na Uislamu, namna hii. Siku ya mwisho aende Nyero, upande wa Kumi, akatazame duara nyekundu zilizochorwa miambani na watu waliotangulia Wateso. Hizo ndizo athari zetu za kale, wala hazina nguzo za marumaru.

Achague Januari, au Agosti ya mwaka usiogawanyika kwa mbili, maana katika miaka shufwa Wagisu wa huko huwa katika imbalu, sherehe zao za tohara, na chumba cha kulala Mbale hupatikana kwa taabu.