Maji Tohara na Mboga Salama

Msafiri atokaye Moshi kwenda Arusha, akishapita Usa River, hufika Makumira kabla ya kuiona Tengeru. Mkono wake wa kulia umesimama Mlima Meru, na pande zote mbili za barabara ni migomba, mibuni na bustani za mboga. Mwenyezi Mungu ameijaalia nchi hii udongo wa volkano wenye rutuba na mito mingi ishukayo mlimani, nao wenyeji wake tangu zamani wameyaongoza maji hayo kwa mifereji mpaka mashambani mwao. Ndiyo sababu mboga hazikauki huko mwaka mzima: mchicha, mnafu, figiri, loshuu, sukuma wiki, kabichi, karoti, nyanya na ngogwe. Siku za Jumatano na Jumamosi soko la Tengeru hujaa hata pa kukanyaga pakakosekana. Wataalamu nao wameiona neema hiyo, kwani Kituo cha Mboga cha Dunia, chenye makao makuu Taiwan, kilianza kazi zake za Afrika hapo hapo mwaka 1992.

Kwa neema kama hiyo mtu aweza kudhani kwamba nyumba ya Makumira haina la kujifunza juu ya mboga. Sisi twaona kinyume chake. Palipo na mboga nyingi ndipo mikono huzizoea, na mkono uliozoea huacha kuangalia. Kwa hiyo tumependa mwezi huu kuzungumza na akina mama, mabinti, na vijana wa kiume pia, juu ya safari ya jani la mboga kutoka mferejini mpaka sahanini.

Na tuanze na huo mfereji. Maji yatokapo juu msituni ni baridi na maangavu, lakini kabla hayajafika bondeni yamekwisha kupita kwenye mazizi, mahali pa kunyweshea ng'ombe, mahali pa kufulia nguo, na pengine karibu na vyoo. Mvua inyeshapo huingiza humo kila kilichokuwa juu ya ardhi. Maji hayo ndiyo yanayomwagiliwa mchicha, na ndimo karoti husuguliwa mpaka zing'ae kabla ya kupelekwa sokoni. Mnunuzi huvutiwa na mng'ao wa karoti, wala haulizi umetokana na maji gani. Kisha muuzaji naye, ili mafungu yasinyauke juani, huyanyunyizia maji ya ndoo siku nzima. Mjini Arusha jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa mito ya Themi, Naura na Ngarenaro hupita katikati ya makazi ya watu, na kandokando yake kuna bustani za mboga.

Hapa ndipo linapotokea jambo ambalo twaliona hasa katika nyumba zetu za Kiislamu, wala halitokani na ujinga. Latokana na elimu kutumiwa mahali si pake. Mtoto wa madrasa hufundishwa mapema mlango wa tohara. Hujua kwamba maji mengi yaliyofika kulateni, yaani lita 200 hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, au utamu, au harufu. Hukumu hiyo ni rehema kubwa, maana bila yake nani angaliweza kutawadha mtoni? Lakini imewekwa kwa ajili ya ibada. Haikusemwa popote kwamba kila maji yafaayo kutawadhia yafaa kusuuzia kachumbari ya mtoto wa miaka miwili. Kijidudu cha kipindupindu hakina rangi, wala utamu, wala harufu. Maji yaweza kuwa tohara kwa hukumu ya sheria, na yakawa na maradhi ndani yake. Sheria hiyo hiyo, baada ya kutuhalalishia kutawadha kwayo, imetuharamishia kujidhuru na kuwadhuru wengine.

Hali ni hiyo hiyo kwa mkono. Mtu akishakustanji kwa maji, mkono wake umetoharika, na akitawadha, sala yake ni sahihi. Lakini vijidudu vilivyobaki katika mikunjo ya vidole na chini ya kucha haviondoki ila kwa sabuni na kusugua. Binti akitoka msalani kwenda moja kwa moja kukata sukuma wiki, huku ameishika mkononi kama ilivyo desturi yetu, atalitia jani uchafu ambao halikutoka nao shambani. Kipande cha sabuni karibu na mlango wa choo, na kingine jikoni, si gharama ya kumlemea mtu.

Haya si mambo ya kubuni. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kisha kikaenea karibu mikoa yote ya Tanzania Bara, na Zanzibar nako kikafika. Maradhi hayo hupita katika maji na chakula kilichoguswa na uchafu wa choo, na huweza kumuua mtu mzima kwa muda wa saa chache asipotibiwa.

Basi mboga ioshwe vipi? Kwanza fungu lifunguliwe, maana pale lilipofungwa kamba ndipo penye tope. Mizizi ikatwe, majani yaliyooza yatupwe, na kabichi ivuliwe majani yake ya nje. Mnafu uchambuliwe na vitunda vyake vibichi vya kijani viondolewe, kwani vina sumu. Baada ya kuchambua, osha; na baada ya kuosha, ndipo ukate. Wengi wetu tumezoea kinyume: twakata nyembamba kwanza, kisha twatia katika beseni la maji. Majani yaliyokatwa huachia vitamini majini, na wakati huo huo uchafu wa maji hupata njia ya kuingia penye kidonda cha kisu.

Oshea beseni la maji mengi, jani kwa jani, ukisugua hasa upande wa chini ambako mishipa ya jani huficha mchanga. Maji yabadilishwe mara tatu, kama mtu aoshavyo viungo mara tatu katika udhu, na ikiwa mara ya tatu bado mchanga umetuama chini, badilisha tena. Kusugua huku si kwa ajili ya mchanga peke yake. Mayai ya minyoo, yale ya mchango mkubwa wa matumboni, yana utando unaonata kwenye jani, na hata dawa ya klorini haiyaui kwa urahisi. Yanaondolewa kwa vidole na kumalizwa na moto. Karoti zisuguliwe kwa brashi yake pekee na kumenywa. Sabuni ya kufulia isitiwe katika mboga, kwa kuwa jani huinywa. Chumvi katika maji huwatoa viwavi na vidukari wanaoonekana, na hiyo ni faida, lakini isidhaniwe kuwa imeua vile visivyoonekana. Hata ndimu ya kachumbari tuipende kwa utamu wake, tusiitegemee kuwa ndiyo ulinzi wetu.

Maji nayo mara nyingi hayatoshi, na hapo mama hana budi kuyagawa kwa akili. Mboga itakayochemka jikoni, moto utaisaidia. Mboga itakayoliwa mbichi haina msaidizi mwingine ila maji. Kwa hiyo yale maji machache yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa kama WaterGuard kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kungojewa nusu saa, yawekwe kwa kusuuzia nyanya, vitunguu, matango na karoti za kachumbari. Na kisu na kibao kilichokatia nyama au kuku mbichi kisiguse kachumbari hiyo mpaka kioshwe kwa sabuni. Jambo hili husahauliwa hasa siku za Idi, wakati nyama ni nyingi na wapishi ni wengi jikoni.

Tumetaja moto kama msaidizi, na kweli ni msaidizi mkubwa. Lakini yako mambo ambayo moto haufui dafu mbele yake, na watu wa Makumira wanayo mawili karibu nao.

La kwanza ni dawa za wadudu. Mkulima wa nyanya na kabichi hawezi kuvuna asipopiga dawa, nasi hatumlaumu kwa hilo. Kila dawa imeandikwa siku za kungojea, tangu siku ya mwisho ya kupigwa hata siku ya kuvuna, ili nguvu yake ipungue. Bei inapopanda sokoni, siku hizo huonekana nyingi. Nyanya ikifika ikiwa na madoa ya unga mkavu, wako wanunuzi wanaoipenda kwa kuwa haiozi upesi! Dawa iliyokaa juu ya ganda hupungua kwa kuoshwa na kumenywa. Iliyoingia ndani ya mmea haifikiwi na maji wala sufuria. Usimamizi wa dawa hizi uko mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na makao yake yako Ngaramtoni, nje ya mji wa Arusha. Lakini mamlaka haiwezi kusimama juu ya kila tuta. Mnunuzi na awe na mkulima wake amjuaye, amwulize amepiga dawa lini, naye mkulima ajue kwamba kuuza chenye madhara huku akijua ni hadaa katika biashara. Afadhali zaidi ni gunia la udongo nyuma ya nyumba, lenye mchicha na sukuma wiki, ambalo kijana wa nyumba aweza kulitunza mwenyewe. Na galoni lililokuwa na dawa ya shamba, hata likioshwa mara ngapi, lisiingie jikoni kwa maji wala kwa mafuta.

La pili ni madini ya floridi. Miamba ya volkano ya Meru huyaachia katika maji ya chini na chemchemi nyingi za pande hizo, na watoto wa huko hutambulikana popote waendapo kwa meno yao ya rangi ya kahawia. Meno huharibika yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, katika miaka ya kwanza ya utoto, kwa hiyo madoa yakishaonekana, wakati wa kuyazuia umekwisha kupita. Floridi ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo hupinda. Shirika la Afya Duniani lapendekeza kiasi kisizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na ziko chemchemi za Meru zinazozidi kiasi hicho mara nyingi. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi hubaki ile ile katika maji machache, na mboga iliyochemshwa mpaka mchuzi ukakauka imeinywa yote.

Juu ya hayo wako wapishi wanaotia magadi ili mboga na makande yalainike upesi na jani libaki na rangi ya kijani. Magadi yenyewe huwa na floridi, na katika miaka ya 1990 wachunguzi wa meno katika Tanzania walieleza kwamba watoto waliolishwa vyakula vya magadi walipata madoa hata mahali ambapo maji yalikuwa na floridi kidogo. Tena magadi huua vitamini zilizomo ndani ya jani. Sisi twashauri nyumba yenye mtoto mdogo iyaache kabisa. Maharage yalowekwe usiku kucha, mnafu uchumwe ungali mchanga, na makande yapewe muda wake.

Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi hayana floridi ya kutisha, nayo yafaa kupikia na kunywa baada ya kuchemshwa. Karibu na Makumira, huko Ngurdoto, kipo kituo cha utafiti cha serikali kilichofanya kazi ya kuondoa floridi kwa chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Muislamu akiuliza mifupa hiyo imetoka kwa mnyama aliyechinjwa vipi, swali lake ni la haki. Naalipeleke kwa masheikh wa mahali pake kabla ya kununua chujio, asilikatae tu kimya kimya huku watoto wakiendelea kunywa.

Na kwa kuwa mboga zetu wengi huungwa kwa karanga, tuongeze neno moja. Karanga iliyoota ukungu au yenye ladha chungu itupwe, isisagwe. Sumu ya ukungu haifi kwa kupikwa, na mwaka 2016 ilichukua roho za watu Dodoma na Manyara kwa njia ya mahindi.

Imebaki habari ya kiporo, hasa katika Ramadhani. Mboga hupikwa alasiri kwa ajili ya futari, ikabaki nusu ya sufuria, ikafunikwa na kungojewa daku. Ni saa 9 au 10 hizo, na sufuria imekaa karibu na mafiga yenye joto. Watu wa Meru husema usiku wao ni wa baridi, na kweli ni wa baridi nje, lakini jiko lililofungwa lenye makaa chini ya majivu si baridi, na vijidudu hustawi humo. Mwenye jokofu aitie mboga humo kabla ya saa mbili kupita tangu kuivishwa. Asiye nalo apike ya kutosha futari tu, na kwa daku achume majani mapya, kwani mchicha hauhitaji zaidi ya dakika chache motoni. Ikilazimu kula iliyobaki, ichemshwe mpaka itoe mvuke sufuria nzima, si kupashwa juu juu, na ipashwe mara moja tu. Itakayosalia baada ya daku wapewe kuku.