Karavani ikizeeka, gereji hupoteza mteja

Huko England, Scotland na Wales, gari dogo likitimiza miaka mitatu huanza kupelekwa kila mwaka kwenye ukaguzi wa lazima uitwao MOT. Karavani inayofungwa nyuma ya gari hilohilo haipelekwi popote. Ina uzito wa tani moja na zaidi, ina ekseli na breki zake, mtungi wa gesi, jiko, hita na nyaya za umeme wa volti 230, na watu hulala ndani yake. Inaweza kufikisha miaka 25 bila kuguswa na fundi tangu ilipouzwa mara ya kwanza. Sheria inadai iwe salama siku inapokuwa barabarani, ila haimtumi mtu yeyote kwenda kuithibitisha kabla haijafika huko. Ujerumani hawakuacha mwanya huo: karavani hukaguliwa kila baada ya miaka miwili, na isipopita haitembei.

Ndani ya mwanya huo imeota biashara nzima. Baraza la Taifa la Karavani, NCC, chombo cha watengenezaji na wauzaji kilichoanzishwa mwaka 1939, hukadiria kuwa karavani za kuvutwa nchini Uingereza ni zaidi ya nusu milioni. Kila moja ni mteja anayekuja gereji kwa hiari yake tu. Mwaka 1999 baraza hilo lilishirikiana na vyama viwili vikubwa vya wenye karavani, Caravan Club kilichozaliwa 1907 na Camping and Caravanning Club, kuanzisha mpango wa gereji zilizoidhinishwa. Gereji hukaguliwa kila mwaka ndipo iruhusiwe kutundika nembo, na ratiba ya kazi ni moja kila mahali: chasi na breki, gesi, umeme, maji, unyevu, matundu ya hewa, vifaa vya kujikinga na moto. Mafundi wanaozunguka na magari yao ya kazi, wakimfuata mteja nyumbani, nao wamo.

Ukiwauliza karavani ipelekwe sevisi mara ngapi, jibu ni moja: kila miezi 12, iwe mpya au kuukuu. Ni rahisi kumshuku fundi anayesema hivyo, kwa kuwa hapo ndipo riziki yake ilipo. Mimi nimefika kwenye jibu hilohilo kwa njia nyingine, na kwa karavani iliyopita miaka kumi nalishikilia kuliko wao wanavyolishikilia. Mwenye gari huhesabu kilomita. Karavani nyingi hutoka kwa wiki chache za kiangazi, kisha hurudi kulala uani hadi mwaka unaofuata, na kinachozila zaidi ni kule kulala. Mvua, baridi na kutu havingoji safari.

Tuanze na mvua, maana ndiyo iliyoua karavani nyingi za Uingereza. Ukuta wa karavani ya zamani ni tabaka: bati jembamba la alumini nje, povu la kuzuia baridi katikati, plaiwudi ndani, na vyote vimeshikwa na fremu ya mbao. Kwenye kona, ukuta unapokutana na mwingine, hufunikwa na reli ya alumini iliyopigwa skrubu juu ya gundi ya kuziba maji. Gundi hiyo ikiwa changa ni laini na inanyumbuka pamoja na mwendo wa barabarani. Miaka ikienda inakauka, inapasuka nyufa ambazo jicho haliziwezi, na maji yanafuata skrubu hadi kwenye mbao. Nje karavani inang'aa. Ndani hakuna hata doa. Mbao inaoza kimyakimya nyuma ya karatasi ya ukutani, na mwenyewe atajua siku ukuta unapobonyea kwa kidole.

Ndiyo maana kazi yenye thamani kubwa katika sevisi ni ile isiyochafua mikono. Fundi anachukua kipimo cha unyevu na kuzunguka nacho chumba kizima: kila kona, chini ya kila dirisha, ndani ya makabati ya mbele, juu ya magurudumu, kandokando ya taa. Anaandika asilimia kwenye mchoro wa karavani. Chini ya 15 hakuna neno. Kati ya 15 na 20 ni mahali pa kurudiwa baada ya miezi michache. Ikivuka 20 pana maji yanayoingia na yatafutwe yanapotokea. Ikivuka 30, mara nyingi mbao imekwisha kuharibika. Kuziba upya reli moja iliyoanza kuvuja ni kazi ya siku moja. Kuvunja ukuta wa mbele, kubadilisha fremu na kurudisha plaiwudi kunaanzia mamia ya pauni na kunafika maelfu, na kampuni za bima kwa kawaida hazilipi unyevu ulioingia polepole.

Kuanzia karibu na mwaka 2010, watengenezaji wakubwa, Bailey wa Bristol na Swift wa Cottingham karibu na Hull, walianza kuondoa mbao kwenye fremu zao. Kwa hiyo karavani nyingi kuukuu zilizoko sokoni leo ni za mbao. Kwa hizo, kupima unyevu mara moja kwa mwaka nakuona kuchache. Mara mbili ndiyo sawa, moja baada ya kiangazi na nyingine majira ya baridi yakiisha, na hiyo ya pili si lazima iambatane na sevisi kamili.

Breki ni habari nyingine. Karavani haina pedali. Gari linapopunguza mwendo, karavani huendelea kulisukuma kwa nyuma. Msukumo huo unarudisha ndani chuma kilicho kwenye shingo ya karavani, chuma kinavuta fimbo, fimbo inavuta waya, na waya unatanua viatu vya breki ndani ya ngoma. Kila kiungo hapo kinahitaji grisi na marekebisho, na kila kimoja kinashika kutu karavani ikisimama. Aliyeifunga breki ya mkono Oktoba na kuiacha hadi Aprili huenda akakuta viatu vimegandana na ngoma. Wazoefu huweka kabari kwenye magurudumu na kuilegeza breki.

Hapo ndipo unapomjua fundi wa kweli. Chasi nyingi za karavani za Uingereza hutoka kwa AL-KO, kampuni ya Kijerumani, na tangu miaka ya 1990 beringi zake zimefungwa kabisa, hazipakwi grisi kama zile za zamani. Ngoma imeshikwa na nati kubwa moja inayokazwa kwa nguvu ya nyutonimita 290, zaidi ya mara mbili ya boliti ya tairi la gari dogo, na nati hiyo hutumika mara moja tu. Ikifunguliwa, inatupwa na kuwekwa mpya. Ukiletewa hesabu ya sevisi isiyo na nati mbili mpya, kwa karavani ya ekseli moja, ama fundi amerudishia za zamani, jambo la hatari, ama hakuzifungua ngoma kabisa. Sevisi ya bei ya chini mno mara nyingi ni hii ya pili: fundi amezungusha gurudumu, amesikiliza, ameandika kwamba breki ni nzima. Ndani ya ngoma hajui kuna nini.

Matairi yana hesabu yake. Ya karavani hufa kwa umri kabla ya kuisha kashata. Sheria inataka kina cha milimita 1.6, na tairi la miaka tisa lililotembea kidogo linaweza kuwa na zaidi ya hapo huku mpira wake umekakamaa na kupasuka ubavuni. Ushauri wa biashara hii ni kubadilisha likifika miaka mitano na kutovuka saba kwa vyovyote. Umri umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018.

Kwenye gesi, uzee unaleta tatizo ambalo karavani mpya haina. Zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2003 hivi zina regulata inayokaa juu ya mtungi, ya milibari 28 kwa buteni na 37 kwa propeni. Za baadaye zina moja tu ya milibari 30, iliyofungwa ukutani. Fundi anayebadilisha regulata bila kusoma kibati cha jiko na hita anaweza kukipa kifaa mkandamizo ambao hakikuundiwa. Mpira wa gesi una tarehe yake, regulata huhesabiwa kuwa imemaliza kazi baada ya miaka kumi hivi, na moshi wa jiko, hita na friji hupimwa kwa ajili ya kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Umeme wa volti 230 hupimwa kikamilifu kila baada ya miaka mitatu, au kila mwaka kwa karavani inayotumika sana. Mwenye kuikodisha karavani yake kwa wageni anatoka kwenye hiari na kuingia kwenye sheria: gesi lazima ikaguliwe kila mwaka na fundi aliyesajiliwa Gas Safe Register, daftari lililochukua nafasi ya CORGI Aprili 2009.

Sasa fedha. Sevisi kamili ya karavani ya ekseli moja kwa kawaida huwa kati ya pauni 200 na 300, na ya ekseli mbili huzidi. Tuchukue 250. Ndani yake mna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, kwa hiyo gereji inabaki na pauni 208. Kazi ikifanywa inavyopaswa inakula kama saa nne, maana yake pauni 52 kwa saa, na humo mnatoka mshahara wa fundi, pango la banda lenye mlango mrefu wa kutosha kupitisha karavani, bima, vipimo na zile nati mbili. Faida ni nyembamba. Gereji nyingi huiona sevisi kama mlango: pato liko kwenye matengenezo yanayogunduliwa humo, na hapo mteja mwenye wasiwasi ana sababu ya kudai aoneshwe kipimo kabla ya kukubali kazi.

Kinachoijaza gereji miaka ya mwanzo ni dhamana ya mtengenezaji. Dhamana ya maji kutoingia kwenye bodi huendelea kwa miaka kadhaa, kwa baadhi ya watengenezaji hadi kumi, kwa sharti kwamba karavani ifanyiwe sevisi kila mwaka karibu na tarehe iliyonunuliwa. Ukichelewa, umeipoteza. Kwa hiyo karavani mpya, ambayo gundi yake bado laini na breki zake bado safi, haikosi kufika. Siku dhamana inapokwisha, sharti nalo linakwisha, na mteja anatoweka katika mwaka uleule ambao reli zinaanza kukauka. Hesabu yake inaeleweka. Kwa karavani ya pauni 30,000, sevisi ya 250 haifiki hata asilimia moja ya bei. Kwa iliyobaki na thamani ya pauni 3,000 ni zaidi ya asilimia 8, kila mwaka, na anaona afadhali fedha hizo aziweke kwenye viwanja vya kambi na mafuta.

Naona soko linaweza kumrudisha mteja huyu likiacha kumuuzia ratiba ileile ya karavani mpya. Kupima upepo wa matairi, kujaribu taa, kuchaji betri, kupaka grisi miguu ya kona, kuosha matangi na kumwaga maji kabla ya baridi kali ni kazi anazoziweza mwenyewe. Fundi alipwe kwa ngoma za breki, gesi, umeme na unyevu, vitu vinne vinavyotaka kipimo na ujuzi. Mafundi wanaozunguka wako karibu zaidi na mpango huo kuliko magereji, kwa sababu hawana pango la banda. Wanachohitaji ni uwanja mgumu, ulio tambarare.

Majira nayo yana bei yake. Wiki za kabla ya Pasaka foleni ni ndefu na hakuna fundi mwenye subira ya kukuelezea jambo. Novemba na Desemba mafundi wana nafasi, baadhi hushusha bei, na unyevu ulioingia msimu ule unasomeka kabla ya barafu kuupasua ukuta zaidi. Tatizo la majira hayo ni kwamba mfumo wa maji huwa umeshamwagwa, hivyo pampu na mabomba hujaribiwa masika.

Spea ndizo zitakazoamua karavani ipi inastahili gharama hii. Carver, kampuni ya Kiingereza ambayo hita zake zilijaa kwenye karavani za miaka ya 1980 na 1990, iliacha biashara hiyo zamani na vipuri vyake leo ni vya kutafuta. Lunar, mtengenezaji wa Lancashire, alianguka mwaka 2019, na mwenye Lunar iliyovunjika kioo cha taa au kipande cha mbele hana kiwanda cha kuandikia barua. Friji, jiko na chasi vinatoka kwa kampuni zilizo hai. Bodi ndiyo yatima.

Kwa Mswahili aliyeko Uingereza anayetafuta karavani ya bei nafuu kwa ajili ya familia, namba ya CRiS, daftari la usajili lililoanza 1992, itamsaidia kujua kama karavani imeibwa. Haimwambii lolote kuhusu mbao. Aombe michoro ya unyevu ya miaka mitatu iliyopita, aiweke mezani pamoja, na aangalie kona moja baada ya nyingine: palipoandikwa 14, kisha 14, kisha 15, hapana mjadala. Palipoandikwa 14, kisha 17, kisha 23, bei ianze kuzungumzwa upya, na muuzaji asiye na mchoro hata mmoja akubali kusubiri hadi fundi wa mnunuzi aje na kipimo chake.