Masharti ya Ubaguzi katika Hati za Nyumba: Jinsi Yalivyofungwa na Jinsi Yalivyopingwa

Ubaguzi wa makazi si jambo geni kwetu. Wakati wa Wabelgiji, Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilikuwa na mji wa Wazungu upande mmoja, mtaa wa Waafrika upande wa pili, na katikati ukanda usiojengwa. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyopima na kuamuru. Nchini Marekani ubaguzi kama huo ulipitia pia njia nyingine isiyoonekana haraka: majirani wenyewe waliandikiana mkataba.

Mwanzoni miji kadhaa ya huko ilitunga sheria za kutenga mitaa kwa rangi. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria ya namna hiyo ya mji wa Louisville. Hapo mikataba ya watu binafsi, ambayo ilikuwapo tayari, ikaenea sana. Sharti liliandikwa ndani ya hati ya nyumba: isiuzwe wala kupangishwa kwa mtu mweusi. Mahali pengine walitajwa pia watu wa asili ya Asia au Wayahudi. Mara nyingi iliongezwa ruhusa moja: mtumishi wa nyumbani anaweza kulala humo. Yaani tatizo halikuwa mtu mweusi kuwa chini ya paa lile, bali kuwa na ufunguo wake mwenyewe.

Sharti lilifuata ardhi, si mtu. Aliyenunua miaka thelathini baadaye naye alifungwa nalo, hata kama hakuwahi kulisoma. Serikali nayo haikukaa pembeni. Shirika lake la kudhamini mikopo ya nyumba, lililoanzishwa mwaka 1934, liliyahimiza masharti haya kwa miaka mingi.

Mwaka 1945 J.D. Shelley na mkewe Ethel, wazazi wa watoto sita waliotoka Mississippi, walinunua nyumba katika barabara ya Labadie, mjini St. Louis. Hawakujua kwamba mwaka 1911 wenye viwanja 30 kati ya 39 wa sehemu ile walitia sahihi mkataba wa miaka 50 dhidi ya watu weusi na watu wa asili ya Asia. Ajabu ni kwamba katika sehemu ile ile kulikuwa na nyumba iliyokaliwa na familia za watu weusi tangu 1882. Mkataba ulimkuta jirani yuko pale, ukajifanya haumwoni.

Louis na Fern Kraemer, wenye nyumba chini ya mkataba huo huo, walikwenda mahakamani ili akina Shelley watolewe. Hakimu wa kwanza aliwakatalia, kwa kuwa sahihi hazikukamilika. Mahakama ya juu ya jimbo la Missouri ikageuza uamuzi.

Akina Shelley hawakuachwa peke yao. Madalali weusi wa St. Louis waliunda chama cha kuchangia gharama za kesi, na wakili George Vaughn, mweusi kama wao, akaisimamia hadi Washington. Pamoja na kesi yao ilisikilizwa nyingine ya Detroit, iliyotetewa na Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1967 alikuja kuwa jaji wa kwanza mweusi wa mahakama hiyo hiyo. Majaji watatu kati ya tisa walijiondoa bila kutoa sababu. Wengi wanaamini kwamba nyumba zao wenyewe zilikuwa na masharti kama hayo.

Tarehe 3 Mei 1948 majaji sita waliobaki walikubaliana wote. Hapa inafaa kusoma polepole, kwa maana wengi wanaieleza hukumu hii vibaya. Mahakama haikusema kwamba majirani wamekatazwa kuandikiana. Ilisema kwamba hakimu ni mkono wa serikali, na serikali hairuhusiwi kumfukuza mtu nyumbani kwake kwa sababu ya rangi. Karatasi ikabaki, lakini ikakosa wa kuitekeleza. Wapo waliojaribu mlango mwingine, wakimdai fidia jirani aliyevunja mkataba kwa kumwuzia mtu mweusi. Mwaka 1953 mahakama ikaufunga nao. Ubaguzi wenyewe katika kuuza na kupangisha nyumba ulikatazwa na sheria ya nchi nzima mwezi Aprili 1968, wiki moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King.

Hata hivyo maneno yale hayakutoka kwenye daftari za ardhi. Tangu 2016 kikundi cha Chuo Kikuu cha Minnesota, kikisaidiwa na maelfu ya raia wa kujitolea, kimekuwa kikisoma hati za zamani moja moja na kuziweka kwenye ramani. Katika mji wa Minneapolis pekee walipata nyumba 8,000 hivi zenye sharti hilo. Wakazi waliosoma ramani hiyo walikuta mitaa waliyoizoea, na wengine nyumba zao wenyewe.

Tangu 2019 sheria ya jimbo hilo inamruhusu mwenye nyumba kuandikisha tamko la kulikataa sharti. Tamko huongezwa kwenye kumbukumbu za nyumba ile. Sentensi ya zamani haifutwi. Anayefungua daftari anazisoma zote mbili.