Maji ya mvua katika nyumba isiyoezekwa: namna ya kuyaondoa bila kudhuru jengo

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Katika miji mingi nchini, nyumba hujengwa kwa awamu kadiri mwenyewe anavyopata fedha. Msingi hujengwa mwaka huu, kuta hupandishwa mwaka unaofuata, na paa husubiri. Katika kipindi hicho pagale hupitiwa na mvua za masika za Machi hadi Mei na za vuli za Oktoba hadi Desemba, na vyumba vyake hugeuka mabwawa. Maji hayo hudhoofisha jengo lililogharimu akiba ya miaka, na huzalisha mbu wanaowafikia majirani wasiohusika na ujenzi huo.

Kiasi cha maji ni kikubwa kuliko wengi wanavyodhani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni sawa na lita moja. Chumba cha mita 3 kwa 4 kikipata mvua ya milimita 50 hupokea lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20. Kuta huyazuia yasitoke, na penye udongo wa mfinyanzi hunywea polepole sana.

Madhara yake

Pale ambapo jamvi halijamwagwa, maji hulainisha kifusi kilichojazwa ndani ya msingi. Jamvi likimwagwa juu ya kifusi hicho, hukosa mhimili kifusi kinapotitia, na sakafu hupasuka. Unyevu nao hupanda kwenye matofali ukibeba chumvi ambazo baadaye hubandua lipu na rangi, na nondo zilizoachwa wazi hushika kutu.

Kwa upande wa afya, mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huweza kukua kutoka yai hadi mbu kamili kwa takribani siku 7 hadi 10 katika hali ya joto. Kwa sababu hiyo, maji yasiachwe yakatimiza wiki moja. Aidha, shimo lililojaa maji ni hatari kwa watoto wanaocheza karibu.

Hatua za kuchukua

Kwanza, zuia maji mengine yasiingie. Chimba mfereji mdogo upande wa juu wa kiwanja ili maji ya mteremko yapite kando.

Pili, kagua kuta kabla ya kuingia. Ukuta ulioinama au wenye ufa mpya usikaribiwe hadi fundi auangalie. Mtaro wenye kina kirefu na kingo zilizolowa usiingiwe, kwa kuwa huweza kuporomoka.

Tatu, toa maji. Pale ambapo bado ni udongo, chimba kishimo kwenye kona iliyo chini zaidi, mbali na ukuta, ili maji yajikusanye humo na kuchotwa kwa ndoo. Ikiwa nje ni chini kuliko ndani, mpira wa maji unatosha: ujazwe maji, uzibwe ncha zote mbili, ncha moja izamishwe ndani na nyingine ishushwe nje chini ya usawa wa maji, kisha zifunguliwe. Pampu ya petroli iwekwe nje, kwani moshi wake una gesi inayoua katika chumba kilichozibwa. Kwa pampu ya umeme, maungio ya waya yasiguse maji.

Penye jamvi, maji yasukumwe kwa ufagio kuelekea mlangoni. Jamvi lisitobolewe, kwani tundu hilo huchana nailoni iliyotandikwa chini kuzuia unyevu. Jamvi jipya huhitaji kumwagiliwa kwa siku 7 au zaidi ili likomae. Maji ya siku hizo hayalidhuru.

Nne, maji yaelekezwe kwenye mfereji wa mvua, si kwenye kiwanja cha jirani.

Endapo maji hayawezi kuondolewa mara moja, viuadudu vya kibaolojia, kama vinavyozalishwa Kibaha mkoani Pwani, huua viluwiluwi wa mbu. Oili chafu isimwagwe, kwani huchafua udongo na visima. Mapipa yasuguliwe ndani, kwa kuwa mayai ya Aedes hung'ang'ania kingo na huweza kuishi miezi kadhaa bila maji.

Kabla ya kuendelea na ujenzi

Kukauka kwa uso hakutoshi. Tope liondolewe, kifusi kikavu kijazwe na kushindiliwa kwa matabaka ya takribani sentimita 15. Kupima jamvi, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kila upande, kingo zake zikizibwa kwa gundi ya karatasi, na ukiache kwa saa 24. Chini yake pakiwa na matone, sakafu bado haijawa tayari kuwekwa vigae.

Wananchi wenye mapagale wanashauriwa kuyakagua baada ya kila mvua kubwa, kuacha upenyo wa maji mlangoni, na kufunika vichwa vya kuta kwa turubai hadi nyumba itakapoezekwa.